Kichana Kwenye Mtungi wa Mama

Katika ploti ya vyumba vya kupanga tuliyokaa Karagita, karibu na ziwa, watu hawakupanga laini ya maji. Mitungi ndiyo iliyopanga. Jioni, baada ya kula, kila mwanamke alitoka na mitungi yake mitupu ya njano, akaisimamisha nyuma ya mingine kutoka mferejini hadi karibu na vyoo, kisha akarudi ndani kulala. Maji yalikuja alfajiri, giza likiwa bado lipo na mabasi ya mashamba ya maua yakikaribia kupiga honi barabarani. Ukitoka unautafuta mtungi wako, unasimama nyuma yake, na hakuna anayekuuliza kitu. Mtungi umekushikia laini ukiwa umelala.

Naanza na mitungi kwa sababu nilipoomba nafasi ya kusomea dizaini chuo kikuu, ilikuwa kitu cha mwisho kabisa kunijia akilini. Nilikuwa nimeizoea mno. Nilifikiri nikienda kuomba jambo kubwa namna ile, ni lazima niende na kitu kutoka mbali na nyumbani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na alama za kutosha kuingia chuo. Mama alikuwa mfanyakazi wa pakihausi, lile banda baridi ambako maua hupangwa kwa urefu, hufungwa na kutiwa kwenye katoni. Tuliishi sisi wawili kwenye chumba kimoja, kitanda upande huu wa pazia, jiko upande ule. Baba sikumjua vizuri, naye hayumo katika habari hii.

Kwa asiyejua mambo haya, nieleze polepole. Ukiwa na alama za kutosha, unaingia kwenye mtandao wa serikali na kupanga kozi unazozitaka, ya kwanza, ya pili, mpaka mwisho. Kozi nyingi huangalia alama zako tu, nawe hukai mbele ya mtu yeyote. Chache hutaka kukuona kwanza, na dizaini, katika chuo nilichokitaka, ilikuwa mojawapo. Unapeleka faili ya kazi zako, unaketi mbele ya walimu, wanakuuliza, wanaamua. Wakikukataa, kozi nyingine nzuri huwa zimeshajaa. Unangoja mwaka ujao.

Mwaka wa kungoja ndio ulioniogopesha. Niliwajua wasichana wa ploti yetu waliosema wanangoja mwaka. Walichukua kazi ya muda shambani, wakapewa aproni na gambuti, na ilipofika saa ya kuomba tena walikuwa wanalea, au wanalipia chumba, au wamechoka tu. Hakuna aliyewakataza. Basi la alfajiri lilikuja kila siku, nao wakawa wanapanda.

Mwalimu wetu wa shule aliyekuwa akitushauri kuhusu kozi alinitazama kwa huruma.

"Dizaini ni hobi," aliniambia. "Weka ualimu juu. Hiyo dizaini weka chini huko, kama mapambo."

Majirani nao walifurahi kwa namna yao. Kina mama wa kanisani walisikia neno hilo wakaelewa ni kushona nguo, na mmoja akaja kabisa na kipande cha kitenge cha kupimia sare za kwaya. Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba dizaini ni kufikiria kitu kabla hakijatengenezwa, kiti, katoni, kibao cha barabarani, ili kimfae anayekitumia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Lakini shingo uweke ya mviringo."

Nilicheka, ila usiku huo nilijiuliza kama mimi mwenyewe najua ninachokiomba. Sikuwa nimewahi kumwona mtu wa kazi hiyo hata mmoja. Nilijua tu kwamba ninapochora saa hupita bila mimi kuziona, na kwamba nikisoma maelezo ya kozi ile kwenye simu moyo unakimbia. Kukimbia kwa hofu na kukimbia kwa furaha, ukiwa na umri ule, si rahisi kutofautisha.

Siku ya kufunga maombi ilipokaribia, Mama alinikuta nimeshika simu, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma.

"Unaogopa?" akauliza.

"Naogopa sana. Niweke ualimu juu?"

Alikuwa anavua soksi zake mbili mbili za pakihausi, ambazo hata wakati wa jua kali zilikuwa na baridi ukizigusa.

"Mimi pia naogopa," akasema. "Lakini hapa mimi nilikuja kungoja mwaka mmoja tu. Nilimwambia nyanya yako hivyo. Mwaka mmoja."

Nikaiacha dizaini juu, nikatuma.

Chuo kiliniita kwenye usaili. Nilipaswa kufika na kazi zangu, na hilo halikunitisha mwanzoni, kwa sababu kazi nilikuwa nazo. Nilichora sura za watu kwa penseli. Mtu alinipa picha kwenye simu, ya harusi au ya marehemu, nami nilimchorea mpaka unywele wa mwisho. Karagita nzima ilinijua kwa hilo, hata vijana wa boda boda walikuwa wakinipigia honi na kuita, "Msanii! Nichore nikiwa na misuli!" Nilizipanga sura zangu kwenye faili, nzuri zaidi juu, nikajiona niko tayari.

Rafiki yangu wa shule alikuwa na binamu aliyekuwa akisomea kozi ileile katika chuo kilekile, mwaka wa tatu. Nilimtumia picha za kazi zangu kwa simu ili anisifu. Nasema wazi, nilitaka kusifiwa. Alinijibu kwa sauti, na ujumbe ule niliusikiliza nikiwa nimesimama nje karibu na kamba ya nguo.

"Sasa. Nimeona. Wacha nikwambie ukweli, unachora kuliko mimi. Mbali. Lakini msichana, hapa hakuna dizaini. Hizi ni picha za watu. Watakuuliza: hii ulimfanyia nani, alikuwa na shida gani, na ikamsaidia aje? Kila mtu huleta sura. Mimi pia nilileta sura, walizifunua kama mtu anatafuta ukurasa mwingine."

Niliusikiliza tena. Kisha nikakaa juu ya beseni lililopinduliwa, katikati ya nguo za watu zilizokuwa zikipigwa na upepo wa mchana unaotoka ziwani. Maombi yalikuwa yamefungwa. Sikuweza kurudi nyuma na kuweka ualimu juu. Na usaili ulikuwa wiki iliyofuata.

Siku zilizofuata nilifanya anachofanya mtu mwenye hofu: nilitazama watu wengine wanafanya nini. Mtandaoni niliona taa za chupa, viti vya mbao za kusafirishia mizigo, mikoba ya magunia. Nikajaribu taa ya chupa, ilipasuka. Nikatengeneza kiti kwa mbao nilizookota nyuma ya duka. Mama alikikalia kwa heshima, kikalala upande pamoja naye.

"Ni kizuri," alisema akiwa sakafuni. "Kinataka tu mtu mwepesi."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini nilipolala niliviwaza tena kimoja kimoja. Vitu vile havikuwa vyangu. Hakuna aliyekuwa amekosa taa ya chupa katika ploti yetu.

Kisha, alfajiri moja, nilisikia kelele mferejini na mtu akaupiga mlango wetu kwa kiganja.

"Mwamshe huyo msichana wa kuchora! Kuja utuamue!"

Sasa lazima nieleze alama. Mitungi yote ni ya njano na yote inafanana, kwa hiyo kila nyumba huweka alama yake. Watu wengi huandika herufi, lakini katika ploti yetu herufi zilikuwa zimegongana mno, na baadhi ya kina mama hawakusoma. Nikiwa mdogo, Mama alipoibiwa nafasi kwenye laini mara kwa mara, nilichukua rangi ya kucha ya jirani nikachora kichana kwenye mtungi wetu, mstari na meno yake, kwa sababu Jumapili Mama alikuwa akisuka watu nywele mlangoni. Jirani akaona, akataka yake. Nikamchorea sufuria. Mwingine mwezi, mwingine ngazi, mwingine samaki. Mpangaji mpya akihamia, aliletwa kwangu kama anavyoonyeshwa choo kilipo. Sikuwahi kuiona kuwa kazi. Ilikuwa kama kumshikia mtu mtoto.

Nilipofika mferejini wanawake wawili walikuwa wameshika mtungi mmoja, kila mmoja na upande wake, huku maji yakimwagika bure.

"Ni yangu, mathe. Angalia samaki," alisema wa kwanza, aliyekaa mlango wa katikati tangu nikiwa shule ya msingi.

"Samaki ni mimi!" akajibu wa pili, mpangaji aliyekuwa amehamia wiki hiyo. "Mimi nimetoka Kamere, bwanangu ni mvuvi. Samaki ni yangu kutoka kitambo."

"Kwani uliandikisha samaki kortini?"

"Na wewe ulimzaa?"

Laini nzima ikacheka, lakini wenyewe hawakucheka. Honi ya basi la kwanza ilisikika kutoka barabarani. Mtu aliyekosa maji alfajiri ile alikuwa anaenda kazini akiwa hajaoga, na watoto wake wanabaki bila ya kuogea.

Niliwasha tochi ya simu. Ni kweli, samaki walikuwa wawili, mitungi miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma kidogo. Mgeni hakujua kwamba hapa alama hutolewa. Alikuja na yake, kama mtu anavyohama na jina lake. Na bila tochi hata hao samaki hawakuonekana. Niliuliza kitu ambacho sijui kwa nini sikuwahi kukiuliza.

"Kwani gizani huwa mnajuaje?"

"Tunakisia," mmoja akasema nyuma. "Unahesabu kutoka kwa choo."

Mimi sikukisia. Nilinyoosha mkono hadi mtungi wetu na kuushika, nikajua ni wetu kabla sijauangalia, kwa sababu chini ya mkono wake wa kushikia palikuwa na kovu. Siku moja niliuegemeza kwenye jiko, plastiki ikayeyuka kidogo. Kwa miaka nilikuwa naupata mtungi wetu kwa kidole, na rangi ya kucha ilikuwa urembo tu.

Siku hiyo nilipasha msumari moto kwenye jiko la makaa. Nilichoma meno ya kichana chini ya mkono wa mtungi wetu, matano, ya kupapaswa. Kisha nikachoma alama za wengine, nikawaita kina mama walipotoka kazini, mmoja mmoja, nikawafunga macho kwa leso na kuwaomba wautafute mtungi wao. Walifurahi kama watoto. Mwenye samaki wa zamani alikubali samaki wake awe na mapezi yaliyochomwa, chini ya mkono vilevile. Wa Kamere akachukua mtumbwi. Mitungi ya maji ya kunywa, yale tunayonunua kwa sababu maji ya mferejini, yanayotoka kisimani, huharibu meno ya watoto, niliichoma pia pembeni mwa kifuniko, isije ikachanganywa na ya kufulia.

Nilipiga picha kila hatua. Na nilipokuwa nikizipiga, hofu yangu ilibadilika badala ya kuisha. Kwanza niliogopa kwamba sina kitu. Sasa niliogopa kwamba nina kitu, na ni cha kuchekwa. Fikiria kuketi mbele ya maprofesa wa Nairobi, kufungua mdomo, na kusema: nimeleta mitungi.

Nilimuuliza Mama.

"Hiyo mitungi ikikosa kuwafurahisha, wataona sura," akasema. "Beba zote." Akautoa mtungi wake mwenyewe kwenye laini ya jioni hiyo, akaufuta kwa ncha ya leso yake. "Lakini huu unirudishie."

Nilibeba miwili, wa Mama na wa jirani mwenye samaki, nikiifunga pamoja kwa kamba. Faili ya sura niliikumbatia kifuani. Kuhusu safari ile sikumbuki sana, ila ukungu uliokuwa juu ya mteremko wa Mai Mahiu na malori yakipanda polepole kama yanafikiria kurudi, nami nikifikiria vivyo hivyo.

Langoni mlinzi alinisimamisha.

"Wewe, hiyo mitungi ni ya nini? Petroli?"

"Ni kazi yangu, boss."

"Unauza maji?"

"Nimekuja usaili."

"Usaili wa kuchota maji?" Alifungua kifuniko akanusa, akafunga. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu sauti ilishuka. "Pita. Fuata hao wengine wenye makaratasi makubwa. Na usitetemeke hivyo, utafikiri umeiba."

Wengine wenye makaratasi makubwa walikuwa wameketi kwenye korido, na kila mmoja alikuwa na faili nyeusi yenye zipu. Niliisukuma mitungi chini ya benchi. Ikatoa mlio ule wa plastiki tupu ambao mtu yeyote aliyelelewa na mitungi anaujua, na vichwa vyote vikageuka. Mikono yangu ilikuwa na jasho kiasi kwamba faili ya kadibodi iliacha rangi kwenye viganja. Nilimwomba Mungu jina langu lisiitwe, kisha nikaomba liitwe haraka, na nikaona aibu kumchanganya.

Chumbani walikuwa wawili: mzee mwenye miwani juu ya paji la uso, na mama wa makamo mwenye nywele fupi aliyeandika bila kuinua macho. Waliniuliza kwa Kiingereza. Nilijibu kwa Kiingereza, na katikati ya sentensi kikanikwama kooni kama mfupa. Yule mama akainua macho.

"Sema na Kiswahili," akasema. "Hatukuli."

Mzee alifungua faili yangu. Alizifunua zile sura hasa kama nilivyoambiwa, kama mtu anatafuta ukurasa mwingine. Bibi harusi akapita. Marehemu akapita.

"Una mkono mzuri," akasema na kufunga. "Na hiyo mitungi, ni ya safari?"

Hapa ndipo ningeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingeniondolea aibu yote.

"Hapana," nikasema. "Ni kazi."

Nikaeleza. Laini ya jioni, giza, rangi ya kucha, samaki wawili, msumari. Nilieleza vibaya mwanzoni, kinyumenyume, kisha nikakumbuka kwamba hawa walikuwa watu wasiowahi kufika katika ploti yetu, na mtu asiyewahi kufika mahali unamwelekeza kama mgeni: mfereji uko hapa, vyoo viko pale. Sauti ikatulia kidogo. Yule mama akaacha kuandika.

"Maji huja saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri, kabla ya basi."

Akasimama, akavuta mapazia mazito ya kuonyeshea picha, akazima taa. Chumba kikawa cheusi.

"Basi sasa ni alfajiri," sauti yake ikasema. "Profesa, nenda uchote."

Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika giza lile. Sikuona nyuso zao. Nilisikia viatu vya mzee vikisuguana na sakafu, kisha mtungi ukigonga meza, kisha kimya cha vidole.

"Meno," akasema. "Kichana. Huu ni wa mama yako."

"Ndiyo, Profesa."

Mtungi wa pili ukalia.

"Na huu. Meno vilevile. Huu pia ni wa mama yako."

Mapezi ya samaki. Niliyachoma kama vijino, mahali palepale, chini ya mkono, kwa msumari uleule. Kina mama wa ploti waliweza kuyatofautisha, au walitaka kuniridhisha. Mtu mgeni alishindwa.

"Hapana," nikasema. "Huo ni wa jirani."

"Basi nimeiba mtungi wa jirani," mzee akasema gizani. "Na sasa hivi naitwa mwizi. Utanisaidiaje?"

Hakuwa anacheka. Nilitaka kulia, na nilijua nikilia sauti itasikika zaidi kwa sababu ya giza. Nikanyoosha mkono, nikaupata ukingo wa meza, nikaupata mtungi wa Mama. Kidole kikaenda chenyewe, si kwenye meno bali kwenye kovu la zamani, upande wa ndani. Kovu halikuwa na umbo lolote. Nililijua kwa mahali lilipokuwa.

"Nilikosea," nikasema. "Nilichora maumbo tofauti mahali pamoja. Kidole hakisomi picha vizuri. Kinajua mahali kwanza. Ningeweka kila nyumba mahali pake: mmoja chini ya mkono, mwingine shingoni, mwingine kwenye kona ya chini, mwingine kitakoni. Picha ibaki ya mchana. Nafasi iwe ya usiku."

"Na nyumba zikiwa nyingi kuliko nafasi?" ikauliza sauti ya yule mama.

"Bado sijui," nikasema. "Hiyo bado sijaimaliza."

Taa ikawashwa. Wote wawili walikuwa wakiandika, wala sikuweza kusoma lolote usoni mwao. Waliniuliza mambo machache mengine ambayo siyakumbuki. Nilipoinama kuchukua mitungi, mzee aliweka kiganja juu ya ule wa Mama.

"Huu tuachie," akasema. "Tunataka kuuangalia."

Ningemwambiaje profesa kwamba Mama alitaka urudi? Niliuacha. Nikarudi nyumbani na samaki peke yake.

"Na mtungi wangu uko wapi?" Mama aliuliza kabla hata sijakaa.

"Wamebaki nao."

"Wamebaki nao wafanye nini?"

Nikamweleza yote, giza na makosa. Akapika ugali. Tulipokuwa tunakula akatikisa kichwa polepole.

"Mtu hawezi kukaa na mtungi wa watu hivihivi. Watakuita. Kama si wewe, basi waite mtungi."

Kungoja kulikuwa kubaya kuliko usaili. Kila simu ilipolia nilihisi nimemwagiwa maji. Kina mama hawakuniuliza moja kwa moja kama nimepata nafasi. Waliona ni vibaya kumshika mtu kwenye jeraha. Waliuliza, "Mtungi umerudi?" nami nikajibu, "Bado." Alfajiri Mama alipanga laini kwa mtungi wa kuazima, na mara mbili nilimwona akipapasa chini ya mkono wa mtungi ule, akitafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mtu wa pakihausi alikuwa amemwambia kuna aproni ya ziada, kama nitataka. Mama hakuniambia. Nililijua kutoka kwa jirani, na usiku huo nilisikia basi katika ndoto.

Ujumbe wa chuo uliingia mchana nikiwa nafua. Nilikausha mikono kwenye sketi, nikausoma, nikausoma tena kutoka chini kwenda juu kana kwamba ungebadilika. Pakihausi hawaruhusu simu, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia. Nilienda mapema kusimama barabarani ambapo basi la jioni hushusha watu, na vumbi la malori likanipiga mpaka nikawa rangi ya barabara.

Mama aliniona akiwa bado kwenye ngazi ya basi. Alisimama palepale, mkono kwenye chuma, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kulalamika. Sikuwa nimewahi kumpokea barabarani, na nadhani aliamini nimekuja kumsaidia kubeba habari mbaya.

"Wamenichukua," nikasema.

"Shuka, mathe, tumechoka!" mtu akapiga kelele ndani.

Mama hakushuka. "Na mtungi?"

"Hawajasema."

Hapo ndipo alipoanza kulia, huku akicheka, na waliokuwa nyuma wakalazimika kushukia mlango wa mbele.

Kama unasoma haya ukiwa na maombi yako mbele yako na kidole hakitaki kushuka, sitakudanganya kwamba hofu iliisha siku ile. Siku ya kuripoti chuoni hofu ilikuwa imerudi yote. Watu walikuwa wengi, majengo yalifanana, na niliyemuuliza njia aliniambia kitu cha ghorofa na kushoto kisha akaenda zake. Nilipanda ngazi zisizo zangu. Nilifika kwenye korido ndefu yenye gizagiza, milango yote ya kijivu, yote imefungwa, na ile hofu ya chini ya kamba ya nguo ikarudi. Nikafikiri: nimekosea mahali. Nimekosea kabisa.

Mwisho wa korido, nje ya mlango mmoja, kulikuwa na kitu cha njano sakafuni. Ulikuwa mtungi, mtu ameuweka pale kuchotea maji ya kuoshea brashi. Ulikuwa na matone ya plasta ubavuni na kifuniko hakikuwa chake. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliuona mstari mwekundu wa rangi ya kucha, na meno yake. Nikaenda nikasimama nyuma yake, kama tunavyofanya nyumbani, nikangoja mlango ufunguliwe.